Naombwa kilemba cha fremu kwenye jengo la maduka ambalo halijajengwa, hapa Kigoma. Nitoe?

MamaVitenge_Mwanga

Wakuu habari zenu. Nauza vitenge hapa Mwanga, jumla na rejareja. Wiki hii kanijia dalali ninayemfahamu, kashika karatasi ya rangi yenye picha ya jengo: ghorofa tatu, vioo mbele, ngazi za umeme, maegesho ya magari hayana mwisho. Anasema hili litakuwa jengo la maduka la mkoa mzima. Watakuja watu wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Uvinza, na wa ng'ambo ya ziwa pia. Anataka nitangulize kilemba cha shilingi milioni nne ili fremu ya chini, karibu na mlango mkubwa, iandikwe jina langu. Kodi ni dola 12 kwa mita ya mraba kwa mwezi, na dola tatu juu yake za huduma, yaani ulinzi, usafi na umeme wa korido. Fremu ni mita 30. Mkataba miaka mitano. Hapa nilipo nalipa laki mbili na nusu kwa mwezi.

Niseme wazi kwamba jengo la aina hiyo nalitaka. Wateja wangu wakubwa ni akina mama wa Kalemie na Uvira kule Kongo, na wengine wa Burundi. Mtu anashuka kwenye boti Kibirizi alfajiri na mtoto mgongoni, anapanda bodaboda kuja Mwanga kwangu, anashuka mjini benki, anarudi tena Mwanga kutafuta sabuni na mabeseni, halafu anakimbilia boti. Hana mahali pa kukaa wala choo cha heshima. Mvua zikianza ndiyo kabisa, mzigo unalowa mikononi. Mji huu unapokea watu wa nchi tatu na hauna mahali pamoja pa kuwapokea. Kwa hiyo dalali aliponionyesha ile picha niliitazama muda mrefu.

Kinachonizuia ni hesabu. Nyinyi wa huku mnajua fedha ya Kigoma inavyotembea. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazina kazi, na mtaani kunakuwa kukavu mpaka giza lirudi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kuna wiki nilifungua duka kwa ajili ya kufukuza vumbi tu. Mwenye fremu wangu wa sasa ni mzee wa hapa hapa, nilimweleza akanivumilia. Hao wa jengo la vioo watanivumilia?

Naomba anayejua majengo haya yanavyoendeshwa anieleze. Nini kinafanya jengo lijae watu au libaki tupu? Na hiki kilemba ni cha kawaida? Dalali amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Kijana_wa_Gungu

Mama shikamoo. Mimi ningetoa. Vijana wa hapa tukitaka kuangalia sinema ukumbini tunasubiri safari ya Mwanza au Dar. Jengo kama hilo ni ajira za walinzi, wahudumu, mafundi wa umeme, mabodaboda wa nje. Na reli ya kisasa inakuja, kipande cha Tabora hadi Kigoma kilisainiwa Desemba 2022, kilomita 506. Treni ikifika wenye fremu za chini watakuwa wameshajipanga. Wakija watu wa Dar na fedha zao hutapata hata ya ghorofa ya tatu.

Mkadiriaji_Kanda

Dada MamaVitenge, mimi ni mkadiriaji majenzi. Nimefanya kazi kwenye majengo ya biashara Kanda ya Ziwa, na hesabu za wapangaji nimezipitia upande wa mwenye jengo. Nitaanza na fedha zako kwa sababu ndizo zinazoharakishwa.

Mita 30 mara dola 12 ni dola 360. Huduma mita 30 mara tatu ni dola 90. Jumla 450. Mwenye jengo la ukubwa huo atakuwa amesajiliwa VAT, kwa hiyo ongeza asilimia 18, ambayo ni dola 81. Unafika dola 531 kwa mwezi, karibu dola 18 kwa mita, nawe umetajiwa 12. Halafu kuna kodi ya zuio kwenye pango: wewe mpangaji unatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Wenye majengo wengi wanasema "sisi tunataka yetu kamili", na hiyo asilimia 10 inabaki kukuangukia. Uliza mapema nani anaibeba, na iandikwe.

Kingine ni hizo dola zenyewe. Tangu 28 Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mtu anayekuletea karatasi ya pango la Kigoma kwa dola leo, ama karatasi yake ni ya zamani ama hajali sheria. Mwambie akuandikie kwa shilingi, na aandike kodi itapanda kwa kiasi gani kila mwaka. Kwa miaka mitano hicho kifungu cha kupanda ni kizito kuliko bei ya kuanzia.

Kuhusu kujaa au kubaki tupu. Jengo la maduka la ukubwa wa mkoa linasimama juu ya mpangaji mkuu. Huyu ni supamaketi kubwa, au duka la vifaa vya nyumbani, wakati mwingine sinema. Anachukua eneo kubwa kuliko wote na kwa kawaida analipa kodi ndogo kuliko wote kwa kila mita, kwa sababu mwenye jengo anamhitaji ili avute watu. Nyinyi wenye fremu ndogo mnalipa kodi kubwa kwa mita ili mpate watu wanaopita mbele yenu kwenda kwake. Ndiyo maana anawekwa mwisho wa korido na mlango unawekwa upande wa pili, watu wapite kwenye maduka yenu wakienda na wakirudi. Bila yeye, ile dola 12 unailipia korido isiyo na mtu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali: mpangaji mkuu ni nani, na ameshasaini? Kampuni ikisema "tuko kwenye mazungumzo", ichukue kama hayupo.

Hata akiwepo, anaweza kuondoka. Mlimani City pale Dar ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, na wapangaji wakuu wawili wa Afrika Kusini, Shoprite na Game. Mwaka 2014 Shoprite wakaondoka Tanzania na kuwauzia Nakumatt wa Kenya. Nakumatt nao wakazama kwenye madeni miaka michache baadaye, rafu zikabaki tupu. Supamaketi za Uchumi, za Wakenya pia, zilishafunga maduka yao nchini 2015. Game wakafuata 2022. Mlimani City imebaki hai kwa sababu ina chuo mgongoni, mtaa wa Mwenge karibu, mabenki ndani na ukumbi wa mikutano. Miguu ya watu ilikuwapo hata supamaketi ilipofungwa. Kwa jengo lako la Kigoma uliza hivyo hivyo: mpangaji mkuu akiondoka, ni nini kingine kitakacholeta watu pale?

Kilemba nacho sikielewi. Kilemba tunampa mtu anayetuachia fremu yenye wateja, tunalipia njia aliyoitengeneza. Jengo ambalo halina hata msingi lina wateja gani? Kama wanataka uthibitisho kwamba uko tayari, hiyo ni amana. Amana inakaa benki kwenye akaunti ya kampuni kwa risiti, na inarudi ikiwa jengo halikukamilika kufikia tarehe iliyoandikwa. Milioni nne mkononi mwa dalali, hapana.

Kijana wa Gungu, reli naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mkataba wa mama utaanza kuhesabu kodi siku atakayokabidhiwa ufunguo. Hausubiri treni.

BintiMajengo

Mimi nilikuwa na duka la nguo za watoto kwenye jengo la maduka la mji mwingine, silitaji. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha, watu wanapishana. Supamaketi ikaanza kuishiwa bidhaa: leo hakuna mafuta, kesho hakuna unga, mara mlango umefungwa nusu. Wateja wangu walikuwa wale wale wa supamaketi. Ilipofunga kabisa, korido yetu ikawa ya walinzi na wafagizi. Tulikwenda wapangaji wadogo kwa pamoja kuomba kodi ipunguzwe, tukajibiwa mkataba hausemi hivyo. Na ni kweli haukusema. Gharama za huduma zikapanda kwa sababu tuliobaki tuligawana umeme wa jengo zima.

Dada, omba kifungu kinachosema mpangaji mkuu akifunga kwa zaidi ya miezi mitatu, kodi yako inashuka au una haki ya kuondoka bila faini. Wakikataa kukiandika, ujue hata wao hawamwamini huyo mpangaji.

Uulize pia kama bidhaa za jumla zinaruhusiwa. Kule kwetu ilikuwa marufuku kufungua marobota koridoni, na mizigo inaingia kwa mlango wa nyuma kabla ya saa mbili asubuhi tu. Wewe unayeuza jumla kwa watu wa boti, utawahudumia saa ngapi?

Nahodha_Kibirizi

Hilo la mwisho la BintiMajengo ndilo lenyewe. Napakia mizigo ya watu Kibirizi siku zote, nawaona. Mama wa Kalemie ananunua vitenge kwa robota. Anataka alikate, akunjue, ahesabu vipande, apime upana kwa mkono, agombane bei, afunge tena, atafute mkokoteni. Ile ni kazi ya nusu siku na inataka uwanja. Mkimpeleka kwenye vigae vinavyong'aa na mlinzi anamwambia asiweke mzigo chini, harudi mara ya pili.

Wanaotaka kujenga wajenge karibu na mzigo unapopakuliwa, au waweke gari la uhakika kati ya jengo na Kibirizi na bandarini. Dada, hicho kiwanja kiko wapi? Hujasema.

MjukuuWaUjiji

Nahodha umenigusa. Sisi wa Ujiji tunaijua hadithi ya biashara kufuata mzigo, iliandikwa juu yetu. Ujiji ilikuwa soko kubwa la ziwa hili wakati Kigoma ni kijiji. Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871 alikuja Ujiji, kwa sababu misafara yote ilishukia hapa. Wajerumani wakaleta reli mpaka Kigoma, ikafika 1914, na bandari yenye kina ikawa kule. Hakuna aliyefunga soko la Ujiji. Mizigo tu ilianza kupakuliwa kilomita chache kutoka hapa, na matajiri wakafuata mmoja mmoja. Miembe ya Ujiji ipo hadi leo, wafanyabiashara wa misafara hawapo.

Kwa hiyo nikiambiwa kuna jengo la kuvuta mkoa mzima, nauliza mkoa mzima unashukia wapi. Gari za Kasulu na Manyovu zinashushia wapi abiria, boti zinafunga wapi, treni inasimama wapi. Jengo lisipokuwa njiani kati ya hizo sehemu tatu, litakuwa la watu wenye magari binafsi, na wenye magari binafsi Kigoma hatuwezi kujaza ghorofa tatu.

Na vile vioo. Aliyebuni haya majengo yaliyofungwa kila upande ni Victor Gruen, mzaliwa wa Austria. La kwanza lilifunguliwa Edina, Minnesota, Marekani, mwaka 1956. Minnesota kuna baridi ya kuua na theluji, ndiyo maana alilifunga lote na kuweka mashine ya joto na ubaridi. Yeye mwenyewe alitaka liwe na nyumba, shule na bustani pembeni, liwe mji, vikajengwa maduka na maegesho tu. Sasa Kigoma kuna baridi gani? Tuna upepo wa ziwa bure kila jioni. Tukifunga jengo kwa vioo tutalipia viyoyozi mchana kutwa, na bili hiyo iko ndani ya dola zako tatu za huduma, dada, na itapanda. Nyumba za zamani za Ujiji zina baraza pana mbele na kivuli, mtu anauza amekaa nje. Jengo la maduka linaweza kuwa na ghorofa na baraza vilevile, na ua katikati wa kufungulia marobota. Ningependa sana kuliona hilo likijengwa hapa kwetu.

MamaVitenge_Mwanga

Nimesoma yote, nikasoma tena usiku baada ya kufunga duka. Mungu awabariki.

Mkadiriaji, nilikaa na binti yangu tukarudia hesabu yako. Kwa fedha ile ya mwezi mmoja ningelipia fremu yangu ya sasa zaidi ya miezi mitano. Kuifidia ningetakiwa kuuza rejareja kwa bei ambayo mteja wangu wa Kasulu hanunui. Yeye anakuja Mwanga kwa sababu ya bei.

Nahodha, kiwanja: dalali anasema kiko barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, "karibu tu". Nilimbana aseme kando ya nini, akasema picha zitakuja. Nikamuuliza mpangaji mkuu. Akasema supamaketi ya kimataifa, jina ni siri mpaka uzinduzi. Nikamuuliza kuhusu kufungua robota ndani, akacheka, akasema pale ni mahali pa kisasa. Hapo nilikasirika, na bado nimekasirika. Akina mama wa boti ndio wanaoleta faranga na dola kwenye mji huu. Wao ndio waliosomesha watoto wangu. Kama jengo halina nafasi yao, hilo la mkoa mzima ni la mkoa upi?

Milioni nne sitoi. Lakini sitaki jambo hili liishie kwenye mimi kutotoa. Nimezungumza na wenzangu wa vitenge hapa Mwanga na wawili wa mabeseni, wote wamefuatwa na dalali huyo huyo. Mmoja alikuwa ameshachukua mkopo wa kikoba, fedha iko ndani ya kabati. Tumekubaliana hakuna anayelipa peke yake. Tunaandika barua moja kwa hiyo kampuni, tukisema tunataka kuingia, na haya ndiyo masharti: kodi kwa shilingi, amana benki yenye tarehe ya kurudishwa, kifungu cha mpangaji mkuu, ua wa kufungulia mizigo, na vyoo vya wateja visivyolipiwa. Nakala tunampelekea mkurugenzi wa manispaa.

Ninaomba ushauri wa jambo moja la mwisho. Kodi yetu inaweza kufuata mauzo badala ya kuwa ile ile kila mwezi? Kwa ajili ya mbalamwezi, na kwa ajili ya ziwa likifungwa tena.

Mkadiriaji_Kanda

Inawezekana, na kwenye majengo makubwa ipo. Mnakubaliana kodi ya msingi ndogo, halafu asilimia ya mauzo juu yake mwezi mauzo yakipita kiwango fulani. Mwenye jengo atadai kuona ripoti za mashine yako ya risiti (EFD) kila mwezi, kwa hiyo ujiandae mauzo yako yote yapite kwenye risiti. Kwa biashara inayopanda na kushuka kama ya Kigoma ningeidai hiyo kabla ya kudai punguzo la bei kwa mita. Na miezi ya ziwa kufungwa itajeni kwa jina kwenye mkataba, msiandike "dharura". Neno dharura kila mtu analisoma anavyotaka.

Kabla ya barua nendeni mkaangalie kiwanja. Jengo la ukubwa huo linahitaji kibali cha ujenzi cha manispaa na cheti cha tathmini ya mazingira. Kazi ikianza lazima kuwe na ubao wenye jina la mwenye mradi, mbunifu, mkadiriaji na mkandarasi. Kama ni nyasi tupu na hakuna ubao, mnazungumza na picha.

Kijana_wa_Gungu

Mama nimekuelewa. Kesho napita barabara ya uwanja wa ndege na pikipiki, nitapiga picha kila kiwanja kilichozungushiwa mabati niziweke hapa.

BintiMajengo

Na mfanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Wanahitaji namba ya kiwanja na kitalu, jina la mtaa halitoshi. Mwambieni dalali awape hizo namba kwa maandishi kabla ya mwisho wa huo mwezi aliousema. Jina la kampuni litafuteni BRELA, wanaosajili makampuni, mwone wakurugenzi ni akina nani na imesajiliwa lini. Yule mwenzenu wa kikoba mwambieni arudishe fedha leo hii, riba haisubiri barua.